Kibeti Mwenye Kasi Sifuri

Verlin Tesmer aliwahi kuletewa supu yenye nzi kwenye mgahawa wa barabara kuu. Akala pembeni pembeni mwa yule nzi mpaka bakuli likaisha, akamwambia mhudumu kwamba chakula kilikuwa kizuri, tena akamwachia bakshishi. Hapa kwetu Wisconsin hakuna aliyemcheka. Sisi mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayeomba radhi kwa kuuweka mguu wako pale. Ndiyo tabia yetu, na mimi binafsi inanichosha, maana nimeolewa katika ukoo wa watu wa namna hiyo.

Verlin ana miaka sitini na mmoja. Aliendesha lori la maziwa kwa miaka thelathini na mmoja, shamba hadi shamba, mpaka asubuhi moja ya Januari lori lilipoteleza kwenye barafu nyuma ya banda la ng'ombe na kumbana mguu ukutani. Siku hizi anatembelea fimbo, hatua tatu, anapumzika. Habari za mguu hazungumzi. Ukimuuliza unaendeleaje, anakujibu hali ya hewa.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunakutana wanne katika chumba cha chini cha kanisa letu la Kilutheri. Jumapili haiwezekani, kwa sababu Jumapili ni ya Mungu na ya mpira, na sitasema nani anatangulia. Tunacheza mchezo wa mezani, ule wa visa vya kubuni na dadu. Mimi, Greta, ndiye mwendeshaji: nasimulia mapango, majoka na hali ya barabara. Wengine watatu kila mmoja ana mtu wake ndani ya kisa. Wifi yangu Ardis, muuguzi, ana mchawi wa kike. Kou Vang, mwalimu wa hesabu aliyeanza kucheza nasi akiwa bado chuoni, ana mpiga mishale. Verlin ana kibeti wa milimani mwenye shoka na ndevu za kufika mkandani, jina lake Borgrun. Amekuwa naye miaka kumi na tisa. Visa vimebadilika, wenzetu wawili tumewazika, Borgrun yupo tu.

Sasa, kila mtu wa kisa ana karatasi yake: nguvu zake, silaha zake, anakwenda futi ngapi kwa zamu. Na sheria ya karatasi katika meza yetu aliitunga Verlin mwenyewe. Kisichoandikwa hakipo, na kilichoandikwa ndicho kilichopo. Tena iwe imechapwa kutoka kwenye programu ya kampuni inayouza mchezo, si kwa mkono, kwa sababu mwaka fulani moja ya Kou ilionekana kama saba na tukagombana hadi Krismasi. Kwa sheria hiyohiyo mchawi wa kwanza wa Ardis alikufa shimoni. Kamba ilikuwa kwenye mfuko wake, alituapia, ila alisahau kuichapa.

"Karatasi haina kamba," alisema Verlin, na akamega kipande cha jibini.

Ardis hakuongea naye mpaka theluji ilipoyeyuka.

Mambo yakawa shwari hadi mwaka ule kampuni ilipoamua kutuboreshea maisha. Programu yetu ya zamani, iliyokaa ndani ya kompyuta bila kumwomba mtu chochote, asubuhi moja ilifunguka na maneno matatu tu: Programu hii imestaafu. Badala yake tukapewa mpya, ya mtandaoni, yenye picha za mawingu yanayotembea. Watu wetu wote, wakasema, watahamishwa salama.

Mchawi wa Ardis alifika akiwa na umri wa miaka elfu nne na mimba. Mpiga mishale wa Kou alikuwa na mishale hasi sita.

"Maana yake nini, mwalimu?" Ardis alimuuliza.

"Maana yake niokote mishale sita ndipo nifikie kutokuwa na mshale," Kou alisema. "Kihesabu wako sawa kabisa."

Borgrun alikuwa mzima kila mahali. Ndevu zipo, shoka lipo, nguvu ileile. Isipokuwa mstari mmoja chini ya jina lake: kasi, futi sifuri kwa zamu.

Verlin aliusoma, akausoma tena. Akaweka ishirini na tano, kasi yake ya siku zote, akabonyeza hifadhi, mawingu yakapita, ikarudi sifuri. Alifanya hivyo Jumamosi nzima. Kila akihifadhi, programu ilimpongeza.

"Tuseme tu anatembea," nilimwambia. "Mimi ndiye mwendeshaji, naruhusu."

"Karatasi imesema hatembei."

"Karatasi imeandikwa na mwendawazimu, Verlin."

"Greta, sheria ni sheria. Sikumwonea huruma Ardis, nitajionea mimi?"

"Hapo kweli," alisema Ardis, naye hakuinua hata macho kutoka kwenye bakuli lake la sosi.

Basi ndani ya kisa tukamnunulia kibeti mkokoteni. Tukaufungia mbuzi wa kuuvuta. Majuma matatu Borgrun, muuaji wa majitu, alivutwa na mbuzi aliyeogopa radi. Tulicheka mpaka Kou akapaliwa na soda. Verlin alicheka pia, ila mimi nilikaa mkabala naye na niliona mkono wake ulivyokuwa unalisugua goti lake chini ya meza. Nikaacha kucheka. Yule kibeti ndiye alikuwa anakimbia kwa niaba yake, miaka yote hii tangu ile Januari, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo. Nilijiona mjinga.

Kulikuwa na tarehe ya mwisho pia. Kou alikuwa amepata kazi Oregon, anaondoka kabla ya msimu wa kuwinda paa. Jumamosi ya mwisho tungemaliza kisa tulichokicheza miaka sita: joka limekaa juu ya mnara, na mnara una vidato mia tatu. Nilikuwa nimeuandika hivyo tangu mwanzo. Mkokoteni haupandi vidato. Verlin alilijua hilo kuliko mimi.

Akaamua kulalamika. Aliandika barua pepe kwa siku nne, akatusomea kabla ya kuituma.

"Wapendwa," alisoma, "natumaini hamjambo huko na hali ya hewa ni nzuri. Najua mna kazi nyingi. Mawingu yenu yanapendeza. Kibeti wangu hawezi kutembea, lakini huenda kosa ni langu. Msijisumbue. Asanteni kwa yote, ni mteja wenu wa miaka kumi na tisa."

"Kali," Kou alisema.

"Ile sehemu ya kibeti imezidi," alisema Ardis. "Mtu anaweza kuumia."

Jibu lilikuja baada ya juma. Walimshukuru kwa pongezi zake. Kou akafungua ukurasa wa kampuni kwenye simu, na pale juu kabisa, katika sifa za wateja, tukaona: Mawingu yenu yanapendeza. V. Tesmer, mteja wa miaka kumi na tisa.

Nilitukana, ndani ya kanisa. Verlin aliandika barua ya pili, na safari hii aliondoa asante. Akabonyeza tuma. Hiyo ilijibiwa na mashine ndani ya dakika mbili: Tatizo lako limefungwa.

"Limefungwa maana limetatuliwa?" aliuliza.

"Limefungwa kama mlango," nikamwambia.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Ardis alileta keki ya malenge, Kou akaleta sambusa ndefu za mama yake, na hakuna aliyegusa dadu. Karatasi ya Verlin ilikuwa imechapwa asubuhi ile ile. Sifuri.

"Basi Borgrun abaki chini na mbuzi," alisema. "Alinde mlango. Ninyi pandeni."

"Miaka sita, ukalinde mlango?" Ardis alimvamia. "Nipe hiyo simu."

Akapiga namba ya msaada, akaweka sauti ya nje, akaitua simu katikati ya meza kando ya keki. Muziki wa kusubiri ulilia dakika arobaini. Kisha sauti ya mwanamke, kijana, imechoka.

"Delphine hapa, nikusaidieje?"

Verlin aliinamia simu kama anayeongea na kisima. "Samahani sana kukusumbua Jumamosi, binti. Jina langu Tesmer."

Ardis alimfinya mkono.

"Ni kuhusu kibeti," akaendelea. "Hatembei. Kasi yake inasema sifuri. Nimejaribu, lakini labda mimi…"

Ardis akamfinya tena, safari hii kwa kucha.

"Si kosa lako, bwana," alisema Delphine. "Vibeti wote wa zamani wamehamia na sifuri. Tunalijua. Ushauri wetu rasmi ni kumfuta na kuanza mpya."

"Kumfuta?"

"Unabonyeza kile kikapu cha taka. Unapata kibeti mwingine, ana kasi kamili."

Niliwahi kumwona Verlin siku waliyompa habari ya mguu, na uso wake haukuwa hivi. Aliishika meza kwa mikono miwili.

"Binti," alisema, "mimi sijaridhika."

Pale kwetu neno hilo ni kama kuvunja dirisha. Kou aliweka uma chini. Ardis alijishika mdomo. Verlin mwenyewe alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini hakuwa amemaliza.

"Sijaridhika hata kidogo. Mmemhamisha mtu wangu bila kuniuliza, mmemvunja miguu, nimewaambia mara mbili, mkaenda kunibandika ukutani kwenye sifa. Mawingu yenu ni ya kipuuzi. Miaka kumi na tisa, binti. Mimi siwezi kupanda ngazi ya nyumba yangu mwenyewe, na yeye leo ana vidato mia tatu. Simfuti."

Tukasikia kiti kikisogea, halafu Delphine akaongea kwa sauti ya chini, ya mtu anayeziba simu kwa kiganja.

"Bwana Tesmer, nikuulize. Una penseli?"

"Ninayo."

"Hapa ofisini tunacheza kila Alhamisi, na hakuna anayeitumia hiyo programu. Hata aliyeitengeneza. Sote tunaandika kwa mkono. Sijakwambia lolote."

Simu ikakatika. Kou alianza kucheka, akaona nyuso zetu, akaacha. Verlin aliitazama karatasi yake kwa muda mrefu. Ile sheria aliitunga yeye na ilimgharimu Ardis mchawi, na nilijua sisi watatu tungesema sawa kwa lolote, kwa hiyo tulimwachia aamue mwenyewe. Hatimaye alimgeukia wifi yangu.

"Ardis, ile kamba. Nilikosea."

"Ulikosea," alisema Ardis. "Andika, mzee. Keki inakauka."

Akaikata sifuri kwa mstari mmoja, akaandika ishirini na tano, tarakimu kubwa za mtoto wa darasa la kwanza.

"Borgrun anashuka kwenye mkokoteni," alisema.

"Anashuka," nikasema.

"Anakimbia."

Nilimkumbusha kwamba joka limeona mlango ukifunguka, kwamba angoje wenzake, kwamba mchawi bado hajaweka kinga. Kou alimsihi. Hakusikia la mtu. Zamu ya kwanza futi zake ishirini na tano, yaani vidato hamsini, ya pili hamsini, mbele ya wote, peke yake. Alitupa dadu akiwa amesimama, fimbo imelala sakafuni. Zamu ya tano joka lilitema moto, na nilitupa dadu langu mbele yao waziwazi, nikiomba litoke dogo. Lilitoka kubwa kuliko yote. Hesabu ilikuwa wazi hata bila mwalimu. Borgrun alikuwa amekufa.

Verlin alijumlisha mwenyewe, midomo ikicheza, kisha akaketi taratibu kwa kuushika mguu wake.

"Alikuwa kidato cha ngapi?" aliniuliza.

"Cha mia mbili na hamsini."

"Akikimbia?"

"Akikimbia, Verlin."

Aliitikia kwa kichwa, machozi yamejaa na uso wote ukicheka, akasogeza sahani yake kwa Ardis na kuomba kipande kikubwa.