Korongo na Watoto Wake

Siku ile korongo lilipokula jiko langu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana nililia mbele za watu, na mimi si mtu wa kulia.

Nilikuwa binti tu, nimenunua kiwanja hapa Chanika kwa jasho la kukaanga maandazi. Nyuma ya nyumba lilipita korongo, na kila masika lilisogea hatua mbili tatu. Mjomba akaniambia niuze nihame. Nikamjibu sihami. Nikapanga viroba vya mchanga pale lilipokuwa pana kuliko pote, nikajiona fundi. Jirani yangu Mzee Chilumba, mchonga vinyago aliyetokea Newala, alitikisa kichwa tu. Sikumuuliza kwa nini. Ujana, mwanangu, una masikio ya kuvalia hereni. Mvua kubwa ya kwanza ilibeba viroba, ikabeba na jiko.

Asubuhi mzee akaja na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Futa machozi, nifuate."

Akanipeleka juu kidogo, pale nilipozoea kumwaga maji ya vyombo. Palikuwa na mchirizi usiozidi urefu wa mkono. "Inama uutazame," akasema. Nikainama. Ulikuwa na matawi, kila tawi lina matawi yake, na hayo yana mengine membamba kama uzi. Nikageuka kutazama korongo lenyewe. Umbo lile lile!

"Umekwenda kupigana na baba mtu," akasema, "na watoto unawalea mwenyewe kwa maji ya vyombo."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta wenyewe ulikuwa umeshakwenda na maji.

Juzi mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu picha ya ajabu: ukiivuta, ndani ya kipande chake unaikuta picha ile ile, na ukivuta tena, tena. Anasema umbo la namna hiyo huitwa fraktali. Alikuwa ameduwaa, na simlaumu. Hata mimi tangu asubuhi ile sipiti penye mti bila kuona kwamba tawi lake ni mti mdogo. Kuna raha kugundua kuwa kitu ulichodhani ni vurugu kina mpangilio wake. Ila asiniambie ni mambo ya kompyuta. Sisi tulikuwa nayo uani, na yalikuwa yanatula.

Basi nikaanza na watoto. Kila mchirizi niliuwekea mawe, nikapanda majani ya tembo yashike udongo. Mwaka wa kwanza mjomba alinicheka. Mwaka wa tatu alikuja kuomba mbegu. Korongo bado lipo, na nyumba yangu ndiyo hii unayoiona.

Mwanangu, jambo likiwa kubwa, watakaokuambia uhame ni wengi. Usihame! Panda juu ulitafute lilikoanzia, ulikute likiwa dogo, maana umbo lake ni lile lile na hapo nguvu zako zinalitosha. Mungu akupe mgongo wa kuinama penye kadogo, na miguu isiyokimbia penye kubwa. Amina.