Misasa Iliyolambwa na Mbuzi

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kwa saa ya mfukoni niliyoinunua stesheni ya Manyoni, mbuzi wa jirani aliingia uani kwetu akaanza kulamba misasa yangu.

Misasa hiyo niliitengeneza mwenyewe. Ilikuwa miaka ya vita, na msasa wa kutoka Ulaya ulikuwa umekwisha katika maduka yote ya Singida. Mimi na fundi mwenzangu tulikuwa na oda ya madawati arobaini ya shule. Mkaguzi wa shule alikuwa amesema hapokei dawati lenye vibanzi. Kama tusingemaliza kabla ya shule kufunguliwa, tungerudisha malipo ya awali, shilingi mia moja na ishirini, nayo tulikwisha kuyanunulia mbao za mninga.

Sikusomea kazi hiyo. Nilikuwa na kipande cha msasa wa zamani. Nilikiloweka, nikakibandua tabaka kwa tabaka nione kilivyoundwa: karatasi, gundi, chembe za mawe, kisha gundi nyepesi juu yake. Basi nikachemsha mabaki ya ngozi kutoka kwa mchinjaji mpaka yakawa gundi. Nikaponda yale mawe meupe yanayong'aa, ambayo kwetu yamejaa kila kilima, nikayachekecha kwa kipande cha chandarua. Kisha nikayaosha, maana gundi ikikuta vumbi hushika vumbi na kuliacha jiwe. Karatasi ilitoka kwenye mifuko ya saruji.

Siku ya nne misasa ilikuwa bado inanata. Kila nilipoipitisha kwenye ubao, chembe zilibaki kwenye ubao. Nilizidisha gundi, nikapunguza maji, nikaitoa kivulini nikaianika juani. Ilikuwa vilevile.

"Fundi," mwenzangu aliniambia, "wenzako wanapaka madawati vanishi, wewe unayapaka mchanga."

Ndipo alipokuja mbuzi, na nyuma yake mwenye mbuzi, mama mtu mzima tuliyepakana naye ua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unamlisha nini mnyama wangu?"

"Simlishi, mama. Anakula kazi yangu."

"Kazi gani tamu hivi? Jana nimempa majani ya viazi, kayageuzia mgongo!"

Nilimtazama yule mbuzi. Hakuwa akitafuna karatasi. Alilamba tu, tena upande wenye mawe, kwa bidii. Nikaokota karatasi moja, nami nikailamba.

Mama akajishika mdomo. "Mungu wangu! Na wewe tena?"

"Mwache, mama," mwenzangu akasema. "Leo hajanywa uji."

Ilikuwa na chumvi. Kiangazi kilikuwa kinaishia, kisimani kulikuwa na foleni na maji yaliuzwa kwa debe. Kwa hiyo mawe yangu niliyaosha kwa maji ya ziwa Singidani, ambayo ni ya bure lakini ni ya chumvi. Yakikauka huiacha chumvi kwenye chembe, na chumvi huvuta unyevu wa usiku. Gundi yangu haikuwa na kosa. Isingekauka hata ningengoja mwaka mzima.

Nikanunua madebe manane ya maji ya kisima. Nilisuuza mawe, nikaonja, nikasuuza tena, mpaka ladha ya chumvi ikaisha, ndipo nikabandika misasa mipya. Mama alisimama penye ua akihesabu kwa sauti kila nilipoonja, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake misasa ilikauka kabisa, ukiikunja inalia kama ganda kavu la mti. Ilikula mninga vizuri sana. Tulisugua madawati tangu asubuhi hadi jioni, vumbi jekundu likitujaa nyusi, mwenzangu akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya.

Mkaguzi alipokuja alipitisha kiganja juu ya kila dawati, kisha akajaribu kuketi kwenye moja. Magoti yake hayakuingia. Alicheka, akatia sahihi kwamba amepokea yote arobaini.

Nikitoa senti themanini za maji na shilingi moja na nusu ya ngozi, katika yale malipo ya awali tuliokoa shilingi mia moja na kumi na saba na senti sabini.