Ngurumo Tuliyoishangilia

Kumbikumbi wakikaangwa kwenye sufuria kavu, kwa chumvi kidogo tu, harufu yao hufanana na ya njugu zilizoanza kuungua. Changanya na harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa, basi hiyo ndiyo Matayos ya mwezi wa nne ninayoijua mimi. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Kwetu ni Burumba, karibu na mpaka kiasi kwamba nadhani jogoo waliotuamsha walikuwa wa Uganda, lakini kila likizo mama alinipeleka Matayos kwa nyanya, bila shaka ili naye apumue. Nyanya alisema mdomo wangu ulizaliwa kwanza, mimi nikafuata baada ya wiki. Sikatai. Sasa niko kidato cha tatu na walimu wanasema hivyo hivyo, ila wao hawachekeshi.

Mwenzangu wa likizo alikuwa binamu yangu Wandera, wa miaka kumi na mmoja, aliyelelewa na nyanya tangu shangazi alipofariki. Wandera hakuwa na maneno, lakini kwa kumbikumbi alikuwa profesa. Chini ya shamba palikuwa na kichuguu kikubwa kando ya mkaratusi mrefu. Alikizungushia vijiti, akavifunika kwa blanketi kuukuu, akachimba shimo dogo na kutia karai ndani yake. Kisha alilaza ubao chini na kuugonga kwa vijiti viwili, harakaharaka, kama matone yanavyogonga bati. Kumbikumbi huko chini husikia, hudhani mvua imewafikia, hutoka na mabawa yao kwenda kuoana na kuangukia karai. Huo ulikuwa uongo wetu, na ulishibisha. Mbingu nayo ikinguruma kidogo kwa mbali, kumbikumbi walizidi kuamini, au sisi ndio tuliamini hivyo. Kwetu watoto wa kichuguuni, ngurumo haikuwa onyo. Ilikuwa mwenzetu kazini, na kila iliposikika tuliishangilia.

Siku hiyo, yapata saa kumi, wingu lilipanda kutoka upande wa Uganda, jeusi kama tako la sufuria. Nyanya alifanya yake yote. Alifunika kioo kwa leso, akanivua sweta nyekundu kwa sababu radi eti hupenda nyekundu, akatupa jembe uani ili mvua ya mawe isije. Nikamuuliza kama radi ikikosa kioo itajichana nywele wapi. Aliniambia niende nimwite Wandera, turudi wote wawili, mara moja. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema, ila hawakusema mtu afanye nini akishayaona. Nyanya alisema.

Nilikwenda mbio. Nilipofika, kumbikumbi wa kwanza walikuwa wakitoka, weupe, wakijikwaa kwa mabawa yao wenyewe. Wandera alinitazama, akanipa vijiti, akaniambia nipige. Neno la nyanya lilikuwa mdomoni, tayari kabisa. Nikalikalia. Nikapiga ubao, mbingu ikanguruma, nikashangilia kwa sauti kuliko siku zote. Karai likajaa. Wandera akanituma nyumbani nikalete sufuria yenye kifuniko.

Mlangoni nyanya aliniuliza Wandera yuko wapi. Nikasema ameoa malkia wa kumbikumbi, anangoja harusi. Nyanya alikuwa amefungua mdomo ajibu, ndipo ukuta wa jikoni ulipogeuka mweupe, mweupe usio wa chokaa, na mlio ukaja ukiwa tayari ndani ya nyumba.

Radi ilimpiga Wandera pale chini ya mkaratusi. Gome lilikuwa limechanika kutoka juu hadi chini, na blanketi lilikuwa likifuka moshi. Majirani walikuja mbio, kisha wakasimama mbali wakamzunguka, kana kwamba kuna kamba ambayo mimi siioni. Pale kwetu ilijulikana kwamba aliyepigwa na radi haguswi, wala haliliwi kwa sauti, mpaka aletwe mtu wa kumtakasa. Ukimgusa, radi itarudi kukutafuta. Mzee Barasa, jirani yetu, si mtu mbaya, alikuwa amemshika nyanya mikono yote miwili asiende. Alimwambia kwa upole kwamba kijana wake ameshatumwa kumleta mtakasaji, wangoje kidogo tu. Nami nilisimama hatua mbili kutoka kwa Wandera. Mbili, nimezihesabu mara nyingi. Kumbikumbi walikuwa bado wanatoka, wakipanda juu ya shati lake. Sikumgusa.

Kulikuwa na mwanamke wa kutoka ng'ambo ya mpaka aliyekuwa akiuza vitunguu kwa kutembea, tukimwita Nalongo kwa kuwa alikuwa mama wa mapacha. Wingu lilikuwa limemkuta barabarani, na makelele yakamleta. Alitua kikapu chake akauliza kama mtoto anapumua. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyekuwa amekaribia kiasi cha kujua.

"Dada, usimguse," mzee Barasa alisema. "Radi bado iko ndani yake."

"Mzee, huyu si waya ya stima. Huyu mtoto," alisema Nalongo, akiwa tayari amepiga magoti.

Alimvuta kutoka chini ya mti, akamlaza chali, akaanza kumkandamiza kifuani kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, akihesabu kwa Kiganda, kisha akampulizia mdomoni, kisha kifua tena. Bila kuinua kichwa alitufokea sisi wengine tuondoke pale penye miti, twende ndani ya nyumba. Hakuna aliyekwenda. Nyanya alijinasua, akaenda kukishika kichwa cha mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe. Nalongo alitueleza baadaye kwamba aliwahi kupika katika shule moja kwao, radi ikapiga watoto, na muuguzi akaja kuwafundisha: radi hupita, haibaki mwilini, na mara nyingi anayekufa ni yule aliyeachwa. Sijui alihesabu mara ngapi. Najua tu kwamba Wandera alikohoa, na hapo ndipo mvua yenyewe ilipoanza.

Alikaa hospitalini wiki mbili. Sikio la kushoto halikurudi. Watu walimngoja Nalongo apigwe, mwaka wa kwanza, wa pili. Yeye amenenepa tu, na mzee Barasa hununua vitunguu kwake bila kumtazama usoni. Siku hizi shule yetu ina kinga ya radi juu ya paa na tangazo ukutani: usijikinge chini ya mti, usishike nguzo ya goli, ukisikia ngurumo ingia ndani. Nimefanyia mzaha kila tangazo la shule ile, hata la choo. Hilo bado.

Wandera sasa ni fundi wa pikipiki kule Amagoro. Desemba iliyopita alikuja Matayos, tukakaa uani tukiosha vyombo, na mimi, mwenye maneno, nikatafuta maneno. Nikamwambia kwamba siku ile nyanya alinituma nimwite, na sikumwita. Aliendelea kusugua sufuria. Nikagundua nimeketi kushotoni kwake. Ikabidi nizunguke, niseme tena, safari hii kwa sauti.

"Najua," alisema. "Wewe hukuwahi kuja kichuguuni mbio vile bila kutumwa. Nilijua umetumwa, ndiyo maana nikakupa vijiti haraka."

Upande wa Uganda kukanguruma, mbali sana, ngurumo ndogo ambayo zamani tungeishangilia. Wandera hakuisikia; aliuona uso wangu. Tukainuka, tukaingia ndani, vyombo tukaviacha uani vinyeshewe.