Odowa ya Mama Gentrix

Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, na nyanya katika soko la Malava, na kwa miaka kumi na tisa jirani yangu wa meza amekuwa Pascalia, ingawa pale sokoni hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Gentrix. Aliuza odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wanawake wajawazito hutafuna. Ukipita Malava siku ya soko ukasikia nyundo ndogo ikigonga, basi huyo alikuwa yeye, anavunja vipande vya kutosha mdomo.

Siku hizi watu wakisikia habari zake wanasema alikuwa mjinga. Wakisema hivyo mbele yangu tunakosana. Mama Gentrix hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo. Aliamini alichouza. Mimba zake zote nne alikula odowa, akazaa nyumbani, akarudi kupalilia miwa kabla mtoto hajaanza kucheka. Mjamzito akifika mezani kwake, macho yamepauka, anainusa odowa hata kabla ya kulipa, alimwambia, "Kula, mama. Hiyo ndiyo damu yako. Mwili unajuanga kitu unataka." Na walivyokuwa wakiitafuna, ungedhani wamepewa nyama. Nani angebisha?

Mimi ningebisha. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, na sitaki mtu anifariji.

Mwezi wa kumi mwaka juzi nilimsindikiza mke wa mwanangu Osiako kliniki. Sista Jepkosgei, muuguzi wa pale, alisimama mbele ya akina mama kwenye mabenchi, akauliza nani anakula udongo. Tukacheka, mikono ikapanda mmoja mmoja. Sista hakugombeza mtu. Alisema hamu ya udongo mara nyingi huja damu ikiwa imepungua, ndiyo maana wenye damu kidogo ndio wanaoutamani zaidi. Lakini udongo hauongezi damu hata tone. Unayashika yale madini ya damu yaliyo kwenye chakula, yanapita bila kuingia mwilini, na mara nyingine unaleta mayai ya minyoo. Kisha akaonyesha vidonge vya damu. Choo kitakuwa cheusi, alisema, msiogope. Vikikutapisha, meza baada ya chakula, na usimeze kwa chai.

Nikainua mkono. Nilikuwa nimesikia tangu usichana kwamba vidonge hivyo vinamnonesha mtoto tumboni mpaka anashindwa kutoka. Sista akasema hapana, wanawake wengi wamefuatiliwa na kupimwa, na jambo hilo halikuonekana. Anayeshindwa kuzaa salama, alisema, ni yule anayefika leba bila damu.

Nilirudi sokoni maneno hayo yakiniwasha. Nikamtazama Mama Gentrix na nyundo yake, nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikaja na wateja. Halafu nikaanza kuwaza: huyu ndiye aliyeniuzia omena zangu miezi mitatu nilipovunjika mguu. Nitaanzaje kumwambia kazi yake inaumiza watu? Ataona nina kijicho. Na ulimi wake nilikuwa naujua, wee! Akikuanza, hata wauza ng'ombe kule chini watapata habari za ukoo wako. Nikajiambia kufundisha watu ni kazi ya masista, mimi kazi yangu ni omena. Nikanyamaza.

Gentrix, kifungua mimba wake, alikuwa ameolewa Butali na mkata miwa anayeitwa Wanzala. Alikuwa msichana wa maneno mengi na kicheko. Kila akija sokoni alichota omena kwenye beseni langu akazitafuna vivyo hivyo, nami nikijifanya kukasirika. Mwezi wa kwanza mwaka jana alikuja na mimba ya miezi sita, ya kwanza kabisa, akakaa kwenye gunia langu akihema. Hakuomba omena siku hiyo. Kliniki walikuwa wamempima damu wakakuta nane tu, nayo hutakiwa isipungue kumi na moja, wakampa vidonge.

"Mama, hizi dawa zinanitapisha," alisema. "Na choo kimekuwa cheusi kama masizi."

Mama Gentrix aliweka nyundo chini. "Mayi! Hizo ndizo zinanonesha mtoto. Unataka upasuliwe tumbo kama mbuzi? Lete hapa." Akavitia vile vidonge kwenye mkoba wake. Kisha akamchagulia odowa nzuri, ile nyeupe aliyowawekea wateja wake wa siku nyingi, akaifunga kwenye gazeti. Alifanya yote hayo kwa upendo, nimeyaona kwa macho yangu.

Gentrix akanigeukia. "Eti mama mdogo, wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimeshika kopo la kupimia. Jibu lote nilikuwa nalo mdomoni, hata sauti ya Sista niliisikia. Nikasema, "Sikiliza mama yako."

Tangu siku hiyo, kila siku ya soko odowa ilisafiri kwenda Butali.

Alijifungua hospitali mwezi wa nne, Jumanne asubuhi, mtoto wa kike. Simu ilipoingia tulipiga vigelegele pale pale sokoni, na Mama Gentrix akagawia ndizi watu asiowajua. Saa sita mchana Wanzala akapiga tena, na safari hii hakuweza kumaliza sentensi. Tuliacha meza wazi tukaenda hospitali.

Tulimkuta Gentrix midomo imekuwa myeupe. Walikuwa wamemtundikia damu na wanatafuta nyingine. Mama yake alimsugua miguu, akimwambia avumilie, amwone mtoto alivyo na paji la baba yake. Saa nane na nusu alikata roho. Nyasaye wangu, Mungu wangu, miaka ishirini na minne!

Daktari alituita pembeni, akatueleza taratibu. Damu iliyomtoka baada ya kuzaa haikuwa nyingi sana, alisema. Mwanamke mwingine angeivumilia, lakini Gentrix alifika hana akiba. "Alikuwa anameza vidonge vya damu?" aliuliza.

Mama Gentrix alifungua mkoba wake. Akatoa ile pakiti ya vidonge. Vilikuwa vimepungua vitatu tu. Daktari akaigeuza mkononi, akamrudishia bila kumlaumu. Heri angemlaumu.

Hakuuza odowa tena. Gunia lililobaki alilimwaga kwenye shimo la choo, na sasa anauza ndizi kwenye meza ile ile, mjukuu mgongoni. Mtoto aliitwa Naliaka, kwa sababu alizaliwa watu wakipalilia. Wajawazito bado huja kuulizia odowa. Anawaambia waende wapimwe damu kwanza, na akiwaona wanasitasita anawaambia habari za Gentrix, yote, bila kujificha. Wengine husikiliza. Wengine huenda kununua kwa muuzaji mwingine nyuma ya kinyozi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kumpeleka Naliaka kupimwa uzito. Sista Jepkosgei alikuwa akifundisha lile somo lake la udongo. Akaniona, akatabasamu. "Huyu mama namkumbuka," akawaambia watu. "Mwaka juzi aliniuliza swali zuri sana, kama vidonge vya damu vinamnonesha mtoto. Mama, hebu waambie nilikujibu nini."

Nikawaambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Akina mama wakanipigia makofi.

Mama Gentrix alinigeukia. Nilingoja matusi, na haki ya Mungu niliyataka. Aliniuliza polepole, "Mama Osiako, siku ile Gentrix amekuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Niliogopa utanikasirikia."

Alimtikisa mtoto mgongoni.

"Ningekukasirikia," alisema. "Wiki moja. Labda mbili."

Wakaita jina la Naliaka, akamfungua mgongoni, akampeleka kwenye mizani.