Barua ya Mwisho Katika Filamu

Kuna swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: aliyebadilisha kisa ni watengenezaji wa filamu, au ni marehemu jirani yangu?

Jumatano nilimsubiri mke wangu nje ya sinema, onyesho la wanawake lilipokwisha. Alitoka na mawifi wawili, jirani zetu wa Chumbageni: mjane wa marehemu, na dada yake marehemu, anayejua Kihindi. Walikuwa wametazama filamu ya zamani iliyotengenezwa upya, kwa rangi.

"Ile ya kwanza kaka yako alinifasiria," alisema mjane, akifuta macho kwa ncha ya buibui. "Barua ilisema mwana anarudi. Mama akalia kwa furaha."

"Wifi, leo barua imesema mwana amekufa. Na Kihindi cha kaka kilikuwa cha kununulia mchele."

"Basi alinidanganya?"

Wifi yake alimshika mkono. "Au hawa wapya wameiharibu."

Wengi husema kurudia filamu ni kazi bure. Sina hakika. Bila hii ya pili, mjane asingejua kwamba huenda mumewe alimkinga na kilio.

Njiani walikubaliana kwamba watoto wasimuliwe mwisho wa baba yao. Aliyewasimulia jioni ile ni shangazi yao, yule anayejua Kihindi.