Nilivyonunua rotaveta kubwa nikasahau kuangalia tinga yangu inaweza nini

Niaje wakuu.

Leo naleta story ya aibu yangu mwenyewe. Yote ilitokea, hata ile part ya nyumba ya kuku, ambayo ningependa sana iwe uongo. Mke wangu ameisoma kabla nipost na akasema nimejipunguzia makosa, kwa hivyo ongezeni kidogo kwa kila kitu.

Mimi ni mse wa ofisi. Naishi Mountain View, nafanya kazi tao, na mikono yangu ni laini vile mnafikiria.

Mathe yangu anaishi nje kidogo ya Kikuyu, kwa shamba ndogo tu, ekari chache zenye mteremko. Mzee alipoaga alituachia hiyo shamba na tinga moja, trekta ya zamani sana. Sisemi make, lakini ni ile ya kiti cha chuma kinachokuchoma jua likiwaka. Ilikaa chini ya mabati miaka mingi, na shamba likajaa nyasi.

Sasa mwaka huu kuna jamaa alianza kumpigia mathe simu. Anataka kukodi shamba yote aweke godown. Mathe amechoka kuangalia nyasi, akaniita akaniambia, "Njoroge, mimi sitaki kuuza wala kukodisha. Lakini shamba lisilolimwa ni la nini? Kama mvua inayokuja itapita hivi hivi, nitamkubalia."

Nikamwambia, "Mum, nipe msimu mmoja tu. Tinga ya Mzee bado iko."

Kusema kweli nilisema hivyo kabla sijajua kama tinga inawaka.

Iliwaka. Fundi alibadilisha betri, akasafisha tanki ya dizeli, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi ikaingia hadi kwa jirani, ikanguruma. Wakuu, hiyo sauti ilinipanda kichwani. Nikajiona large-scale farmer.

Kitu iliyobaki ni ya kulimia, kwa sababu plau ya Mzee ilishaliwa na kutu. Nikaanza kuangalia video kazini, simu nimeificha chini ya meza. Kuna plau za diski, kuna haro, kuna ripa. Lakini kuna mashine moja inaitwa rotaveta. Ina visu vingi vinavyozungushwa na ile shafti ya nyuma ya tinga, PTO. Inapita mara moja tu na udongo unabaki laini kama unga wa chapati.

Nikasema ni hiyo. Plau ni ya watu wa kale.

Mke wangu Mwende alikuwa ameshaniuliza, "Umeuliza mtu yeyote mwenye tinga kama yetu?" Nikamjibu nimefanya research. Mwende amekulia shamba, huko Machakos. Mimi nimekulia Kabiria, na hapo kitu nilikuwa nalima ni sukuma wiki kwa gunia. Lakini mwenye alikuwa na research ni mimi.

Lunch hour nikashuka Kirinyaga Road, kwa duka moja ya vifaa vya shamba. Mwenye duka ni mzee mpole, na nataka mjue hakunidanganya hata kidogo. Aliniuliza maswali yote ya maana.

"Tinga yako ni horsepower ngapi?"

"Iko strong," nikamwambia.

Akaniangalia. "PTO yake ni live ama ni ile ya zamani?"

Sasa wakuu, sikujua live ni nini. Nikafikiria anauliza kama inafanya kazi.

"Ni live kabisa. Jana nimeiwasha."

Akauliza shamba limekaa bila kulimwa kwa muda gani, nikamwambia hiyo si shida. Nikaonyesha kidole rotaveta kubwa zaidi pale nyuma, ile pana, nyekundu. Ilikuwa inaangaza. Pesa tulikuwa tumeweka ya kubadilisha gari ikaenda hapo.

Jumamosi ikafika. Mwende na simu tayari kurekodi. Mathe amevaa leso safi kama anaenda harusi.

Dalili ya kwanza, tinga ilipoinua ile mashine, magurudumu ya mbele yakawa mepesi hadi usukani ukazunguka kama wa toy. Mwende akasema, "Njoroge, hiyo kitu ni nzito." Nikamwambia ni balance.

Nikaanza. Wakuu, mita za kwanza zilikuwa tamu. Udongo unaruka nyuma, mimi nimekaa wima, nikapunga mkono kwa camera. Nyasi zinajifunga kwa visu lakini sijali.

Nikafika mwisho wa shamba, karibu na boma. Nikainua mashine vile video ilisema. Nikakanyaga clutch nisimame.

Tinga haikusimama.

Nimekanyaga clutch hadi mwisho, na tinga inaendelea kwenda kama imetumwa. Vile visu vizito vilikuwa bado vinazunguka, na kwa tinga kama yangu huo mzunguko unarudi kwa gearbox na kusukuma magurudumu. Hiyo ndiyo mzee wa duka alikuwa anauliza. PTO ya zamani imefungwa pamoja na clutch. Live inajitegemea. Sasa najua.

Nikakanyaga breki. Breki zilikuwa za historia.

Nikapita fence. Nikapita nyumba ya kuku, mbao na wire zikalala chini kama kadi. Kuku wakaruka kila upande wakinitukana. Mti wa parachichi ndio ulinisimamisha.

Mahali nilipopita, mathe alikuwa ametoka hapo muda si mrefu. Alikuwa ameingia kuchukua mayai. Nilimwona amesimama kando, sufuria mkononi, mdomo wazi.

Hapo sikucheka, wakuu.

"Zima," akasema.

Nikazima.

"Umeumia?"

"Hapana, Mum."

"Shuka basi." Akaweka sufuria chini polepole. "Jumatatu nampigia yule mtu wa godown."

Akaingia nyumba. Mwende alikuwa amewacha kurekodi. Hakusema "nilikuambia." Ingekuwa afadhali angesema.

Tukalala huko. Jumapili nzima nilirudisha nyumba ya kuku, msumari kwa msumari, na kuku hakuna hata moja ilitaka kunikaribia. Jioni nikaenda kwa mathe. Sikumpatia research. Nilimwambia tu nimeogopa, na kwamba nikikaribia hiyo tinga tena breki zitakuwa mpya na yeye atakuwa mbali. Akaniangalia sana.

"Mvua haijafika," akasema. "Basi ngoja tuone."

Jumatatu lunch hour Mwende aliomba ruhusa kazini kwake Muthangari, tukapatana pale Kirinyaga Road. Kabla tuingie akanishika mkono.

"Leo wewe nyamaza."

Akamwelezea yule mzee ukweli wote. Tinga ni ya umri gani, engine ni ndogo, PTO ni ile iliyofungwa na clutch, mbele hakuna uzito, shamba ni mteremko, udongo ni mwekundu umeshikana, na nyasi ni thangari, ile ya mizizi inayotambaa chini. Akamalizia na nyumba ya kuku.

Mzee wa duka alicheka hadi akatafuta kiti. Mimi nilikuwa nasoma bei za filta.

Akatuambia shamba iliyokaa hivyo inafunguliwa na plau kwanza. Rotaveta inakatakata thangari vipande na kila kipande kinaota upya, kwa hivyo ningekuwa nimepanda nyasi. Kwa tinga yetu akatupa plau ya diski mbili, iliyotumika, rangi imeisha. Na vyuma vya kuweka uzito mbele. Rotaveta alichukua kwa bei ya mashine iliyopita kwa nyumba ya kuku, na hasara yangu mtaniacha nayo.

Fundi akafanya breki. Jumamosi iliyofuata nikapanda tinga tena, polepole, bila camera. Diski zikaingia kwa udongo, tinga ikainama kidogo ikavuta. Mistari yangu ilikuwa imepinda, lakini udongo ulikuwa unageuka, wekundu wake umekolea chini, unanukia mvua ya zamani.

Mathe alikuwa kwa veranda, mbali kabisa. Nikamwona anashuka. Amevaa gumboots za Mzee. Akanipigia kelele nisimame, nikasimama, na tinga ikasimama pia.

"Unalima ukishuka mteremko! Mvua ikija udongo wote utaenda kwa watu. Kata hivi," akaonyesha na mkono, kukingama mteremko.

Nikageuza. Yeye akafuata nyuma kwa mbali, anaokota mizizi ya thangari, anatupa kando.

Simu yake ikalia. Nilikuwa nimezima engine ndio nitoe jiwe kwa diski, nikasikia vizuri.

"Eeh, ni mimi. Hapana, ndugu yangu, pole. Shamba iko na kazi."

Akaweka simu kwa mfuko, akainama kuokota mzizi mwingine.

Wakuu, nimejifunza hivi: anza na tinga uliyo nayo, halafu udongo, halafu ndio uangalie mashine. Na ukiulizwa swali hulielewi dukani, sema hulielewi. Ni sekunde ya aibu tu, mimi yangu ilichukua wiki.

Sasa tunataka haro nyepesi ya kuvunja mabonge kabla ya kupanda viazi. Wenye tinga za zamani, mnatumia gani kwa mteremko? Ya diski ama ya meno? Chekeni kwanza, niko tayari, halafu mnijibu. Mwende ndiye atakuwa anasoma comments.