Nilisema Nimewaeleza Mafundi

Mimi ndiye niliyekosa. Naanza hapo, kwa sababu nikianza na sababu zangu nitajitetea hadi aya ya mwisho, na kwa kujitetea mimi ni bingwa.

Nina shahada ya fizikia. Ninakaa mtaa wa Kariobangi, hapa jijini, kwa mjomba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyenileta kutoka kijijini kwetu Magharibi nilipofiwa na wazazi na kunilea kama binti yake. Huniita Profesa. Karakana nzima huniita hivyo.

Baada ya kutafuta kazi hadi viatu vikaisha soli, nilipata mkataba kwenye mradi wa serikali. Chuo kimoja kilipewa fedha za kuunda mashine ndogo ya utafiti, ile inayosukuma chembe ndogo kuliko atomu ziende kwa kasi ya ajabu ndani ya bomba lililoondolewa hewa. Sehemu ya fedha hizo ilitengewa mafundi wa hapa nyumbani, wajifunze kutengeneza vipuri badala ya kila kitu kuagizwa ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea na kuwafundisha.

Kuwafundisha! Mngejua neno hilo linavyonichoma.

Karakana tatu zilichaguliwa kutengeneza chombo cha majaribio, na ya mjomba ilikuwa mojawapo. Mungu ni shahidi, si mimi niliyemchagua. Lakini ofisini sikumwambia mtu kwamba ni mjomba wangu. Mwanzoni nilisahau, halafu nikaogopa, halafu ikawa nimechelewa.

Sasa, mafundi wetu wana desturi. Kazi ikiisha, kabla mteja hajaja kuichukua, huipaka mafuta ya mashine na kuisugua kwa kitambaa mpaka ing'ae. Ni heshima kwa mteja. Lakini kwa chombo kinachotakiwa kutolewa hewa yote, mafuta ni sumu. Yanatoa mvuke polepole, na pampu inavuta, inavuta, haimalizi.

Nilipopita karakanani, nilimkuta mjomba ameshika chupa ya mafuta.

"Niaje, Profesa!" akaita mmoja wa wafanyakazi wake. "Umekuja kukagua sufuria ya serikali?"

"Wewe sufuria unayoijua ni ya ugali tu," mjomba akamjibu, wote wakacheka. Kisha akanigeukia. "Hebu tazama. Waliandika kiwe safi. Hii si safi? Hapa mtu ananyoa ndevu bila kioo."

Nilijua. Aki nilijua! Lakini kichwa changu hiki! Nikawaza: nikimwambia yeye, ni upendeleo. Nikiwaambia wote watatu, ofisini wataniuliza nimejuaje kwamba mafundi hupaka mafuta. Watafuatilia. Watagundua ni mjomba. Watasema nimempa kazi mtu wa kwetu. Nikaiona picha yangu gazetini, nimefunika uso kwa koti.

"Fuata tu maelezo, mjomba," nikasema, nikaondoka.

Vyombo vyote vitatu vilikataliwa. Vyote vilikuwa na mafuta. Mkuu wa mradi akaniuliza mbele ya wenzangu, "Hawa uliwaeleza wasipake mafuta?"

"Niliwaeleza."

Jamani! Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, likakaa pale mezani, na mimi nikaliacha likae.

Mkuu akashusha pumzi. "Kama wameelezwa na bado wakafanya hivi, basi." Fungu la mafundi likahamishwa, vipuri vikaagizwa nje. Mafundi wakaambiwa: mlielezwa, hamkufuata.

Jioni nilijibanza mlangoni nikimsikiliza mjomba akiongea na mke wake jikoni. Nilikuwa nangoja anilaani.

"Yule msichana si mwongo," akasema. "Lazima alinieleza, nikasahau."

"Wewe usahau? Wewe unayekumbuka hata mbuzi wa babako kwa majina?"

"Ndiyo kuzeeka huko, mama watoto."

Heri angenipiga! Wiki hiyo alikataa kazi ya kutengeneza matangi ya shule, akasema kichwa chake hakiaminiki tena. Mfanyakazi mmoja akakosa la kufanya, akaenda kubeba mizigo viwandani, Industrial Area. Mimi nilikuwa nikila chakula cha mjomba na kutazama sahani.

Mwishowe nilimwendea mkuu, nikamwambia yote. Alinisikiliza akigeuzageuza kalamu. Akasema fedha zimeshahamishwa, na mkataba wangu hautaendelea. Nilistahili.

Kisha nikaenda karakanani. Mjomba alizima grainda aliyokuwa akisagia chuma.

"Kwa hivyo sikusahau?"

"Hukusahau, mjomba. Sikukwambia."

Aliweka grainda chini. Halafu akauliza swali ambalo mimi, mwenye kuwaza kila kitu, sikuwa nimeliwaza. "Na wale wenzangu wawili, umewaambia?"

"Bado."

"Basi inuka. Twende."

Wa kwanza alinitukana mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Wa pili alinipa mgongo akaendelea kuchomelea, cheche zikiruka, mpaka nikajiondokea. Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi.

Wewe unayesoma, hasa kama una karatasi ya chuo na woga mwingi kama mimi: usidhani kunyamaza kunakuweka safi. Kama mtu ni wa kwenu, sema mapema ni wa kwenu, kisha fanya kazi yako. Na ukiulizwa, sema "sikuwaeleza". Utaaibika, utafokewa, utalala, kutakucha. Ukidanganya, kuna mtu atauamini uongo wako kuliko anavyojiamini yeye mwenyewe.

Mjomba amenisamehe, na karakanani bado ni Profesa. Lakini yeye ambaye hakuwahi kumuuliza mtu kipimo, siku hizi hunyoosha tepu juu ya chuma, huweka alama, kisha kabla ya kukata huniita.

"Njoo unisomee. Nisije nikakosea."